Hesabu ya Ishirini

Dorkas alikuwa anasonga ugali wa uwele huku akimfundisha mumewe jina lake mwenyewe.

"Haya, baba Maria. Unaitwa nani?"

Urbano akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Dorkas akaanza kuhesabu moyoni, na kuhesabu huko kulimtesa kuliko moshi wa kuni mbichi, maana mama huyu, tuseme kweli, tangu azaliwe hakuwahi kumwacha mtu amalize maneno yake.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu reli ilipoponyoka mikononi mwa genge la vibarua wenzake, nje kidogo ya Itigi, ikampiga Urbano kichwani. Jeraha lilipona. Maneno ndiyo hayakurudi, na mkono wa kulia ukabaki unaning'inia tu. Majirani wakasema amerogwa. Dorkas naye akawa anamsemea kila kitu: ana njaa, ameshiba, anawasalimu. Mpaka Melkiori, dresa wa zahanati, alipomkalisha chini.

"Shemeji, akili yake ipo. Kilichoumia ni njia ya maneno. Ukimsemea, njia itaota majani. Mwulize, halafu hesabu polepole mpaka ishirini. Usimdokezee."

"Ishirini! Mimi nitapasuka, shemeji."

"Pasuka, lakini kimya."

Ni Melkiori pia aliyegundua kwamba Urbano anaweza kuimba. Ule wimbo wa kunyanyulia reli ulimtoka wote, bila kukwama. Basi wakalitia jina lake ndani ya wimbo, wakaimba naye kila asubuhi, mpaka likaanza kutoka hata bila wimbo. Polepole, lakini lilitoka.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ilipatikana kazi ya kulinda geti, pale barabara inapokata reli. Mkono mmoja unatosha. Akiipata, wanabaki kwenye chumba chao cha landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli. Akiikosa, Jumamosi wanatoka. Sharti lilikuwa moja: aseme kwa mdomo wake jina lake, la baba yake na genge lake.

Walipanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya reli tangu asubuhi, jua la mchana likawakuta hapo. Karani, mtu wa tai na vidole vya wino, hakuinua macho.

"Jina?"

Urbano akashikwa na woga, akakimbilia wimbo. "Hooo, nyanyua..." Foleni ikacheka.

"Hapa siyo ngomani! Mama, huyu anaitwa nani?"

Jamani, jina Dorkas alikuwa nalo mdomoni! Akalimeza.

"Mwulize mwenyewe, bwana karani. Amekusikia."

"Nimeshamwuliza."

Tano. Sita. Mkono wa kushoto wa Urbano ulikuwa unagonga paja. Tisa. Kumi. Ilipofika kumi na moja, muhuri ukalia, pa!

"Hajiwezi. Anayefuata!"

"Urba... Urbano," sauti ikasema. "Urbano Alute. Genge la nne."

Hakuna aliyecheka tena. Karani akaitazama fomu, akaitazama tai yake.

"Nimeshagonga. Ikishagongwa haifutwi. Wakubwa ndio waliopanga hivyo, siyo mimi."

"Amejibu kwenye kumi na nne," Dorkas akasema. "Ulibakiza tatu tu, bwana. Tatu! Treni mnaingoja kutwa nzima, na hamjaiandika kwamba haijiwezi."

Dirisha likafungwa.

Wakaondoka wakifuata njia ya vumbi kurudi landhi. Dorkas alikuwa analia wazi wazi, khanga mdomoni, akiwaza sufuria, kitanda, na safari ya kurudi Mtinko kwa wakwe. Urbano akasimama. Akamshika bega kwa ule mkono mzima, akafungua mdomo.

Dorkas akaanza kuhesabu. Akafika ishirini. Akapita. Watu waliwapita na mizigo yao, naye akahesabu tu, machozi yakimtiririka, wala hakumdokezea hata herufi moja. Kwenye thelathini na nne mumewe akasema, bila wimbo:

"Pole... Dorkas."

Tangu reli imwangukie, jina hilo alikuwa hajalitamka.