Fedha za Marehemu Lu

Siku mbili kabla ya Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi, Xie Guizhen alisimama mbele ya kibanda cha Mama Fang na noti tatu za yuani mia mia mkononi, na Mama Fang hakuzitaka.

Kibanda kiko pale mfereji unapopinda, na kinauza mahitaji ya marehemu, ya kuchomwa ili yawafikie huko waliko: noti za kuzimu zenye sifuri kama shanga, dhahabu ya karatasi, makoti ya karatasi, hata majiko. Kufa kufaana, na Mama Fang amefaidika kwa miaka ishirini.

"Skani hapo, Shangazi," alisema, akionyesha kwa kidevu kadi ya vidoadoa ya kulipia kwa simu ukutani.

"Simu yangu ya vitufe, haina macho."

"Basi mwambie mtoto alipe kutoka huko aliko."

"Mama Fang, hizi ni pesa."

"Nani kakataa? Ila chenji sina, na benki ya mtaani walishaifunga. Halafu noti bandia zimezidi. Mtu ataniachia makaratasi matupu hapa."

Alisema hayo huku akifunga mafungu ya noti za kuzimu kwa mpira, na uso wake haukumcheza hata kidogo. Guizhen alirudisha fedha zake kwenye kitambaa akaenda zake.

Mumewe, Lu Baoshan, alikuwa kondakta wa basi hapo Shaoxing kwa miaka thelathini, na sasa ana miaka mitatu kaburini. Miaka miwili ya mwanzo binti yao Wenqin alikuja kutoka Shenzhen wakamchomea pamoja. Safari hii hakupewa likizo, ila alipiga simu.

"Mama, usihangaike. Siku hizi marehemu anatumiwa moja kwa moja kwa simu. Unaandika jina, unaweka picha, unalipa, basi."

"Wezi hao. Baba yako hakuwahi kupokea kitu bila kukishika."

Kwa hiyo siku ilipofika, Guizhen alichoma zile noti zake tatu halali. Alichora duara la chaki uani, akaacha upenyo kama inavyotakiwa ili fedha zijue pa kutokea, akaliita jina la mumewe mara tatu ili mizimu ya watu wengine isizidandie, akaziwasha. Upenyo ulipaswa kuelekea magharibi, kwenye kaburi. Lakini alikuwa bado na hasira za Mama Fang, na mkono wenye hasira hauna dira. Majivu yalipoanza kuruka ndipo alipoona kwamba upenyo ameuelekeza kwenye mlango wake mwenyewe. Akaona yaliyopita yamepita, akafagia.

Kesho yake jua lilipokuwa linazama, Baoshan alibisha hodi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, na mkononi alishika noti tatu zisizo na alama ya moto.

"Hazipokelewi," alisema.

"Hata huko?"

"Hata huko. Muuza tambi anataka kuskani, mwenye nyumba ya kulala anataka kuskani. Nimewatolea hizi wakanitazama kama nimewapa majani ya mgomba. Mkono mtupu haulambwi, Mama Wenqin, na wangu naona unahesabiwa mtupu."

"Vua viatu, Baba Wenqin. Utanichafulia nyumba."

Akavua. Guizhen akampakulia wali na nyama ya nguruwe iliyopikwa na majani ya haradali makavu, akampashia divai ya mchele. Alikula kama alivyokula siku zote, kichwa chini, bila kusifu. Alipomaliza, akafuta mdomo, akachomoa noti moja akamnyooshea.

"Chakula bei gani?"

"Acha upuuzi."

"Nauli ni nauli. Hakuna wa bure humu ndani."

Ndivyo alivyokuwa akiwaambia abiria. Guizhen alicheka, akaipokea noti, akafungua kopo la biskuti lenye sarafu, akamrudishia chenji kiganjani. Vidole vya Baoshan vilikuwa baridi mno. Hata hivyo, Guizhen hakuharakisha kuutoa mkono wake. Tangu muuguzi amshike mkono kumpima damu mwezi wa kumi na moja, hakuna binadamu aliyekuwa amemgusa. Zamani walau muuza maharage alikuwa akimrudishia chenji mkononi na kumuuliza magoti yanasemaje. Siku hizi watu wananunua bila kuinua uso, na yeye alikuwa mpweke kiasi kwamba alianza kuaga redio kabla ya kuizima.

Baoshan alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alieleza utaratibu wa huko bila kulalamika. Langoni kuna karani. Asiye na kitu hupewa ruhusa ya kutoka jioni akale kwao, maana hakuna anayetaka wenye njaa wamlilie mlangoni. Mwenye salio hatoki, kwa kuwa anahesabiwa ana kwake huko huko.

"Kwa hiyo ukipata, huji," Guizhen alisema.

"Siji."

"Na usiku unalala wapi?"

"Nje, chini ya paa la muuza tambi. Yeye hatufukuzi, mradi tusikae mlangoni."

Guizhen akachukua chupa. Akamwongezea divai.

Ikawa desturi. Saa kumi na moja alipasha chungu, saa kumi na mbili mume anabisha, wanakula, wanalipana. Noti ile ile ilivuka meza ikarudi, jioni baada ya jioni. Jirani wa juu, Mwalimu Shen, alikutana na marehemu kwenye ngazi akamwambia afadhali ajifute miguu, ngazi zinateleza. Wenqin alipopiga simu kuuliza hali, mama yake alijibu kwamba hali nzuri, anakula vizuri, na hakusema anakula na nani. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimpa aibu, maana aliijua bei yake.

Siku ya saba Baoshan alianza kukohoa. Siku ya nane kingo za masikio yake zilikuwa zinapitisha mwanga, kama karatasi ya taa. Guizhen alimpa koti lake la zamani kutoka kabatini, lakini alipofika mlangoni likamdondoka begani likabaki sakafuni, kwa sababu la huku haliendi huko.

"Baridi sana?" alimuuliza.

"Ya kawaida. Usimsumbue mtoto."

"Sijasema nitamsumbua."

"Nimeona unavyoniangalia."

Siku ya tisa alishindwa kushika vijiti. Guizhen alimlisha kwa kijiko, naye akasahau kuuliza bei ya chakula. Hilo ndilo lililomkata maini mkewe. Alipoondoka, Guizhen alipiga moyo konde akampigia Wenqin. Alimweleza yote, tangu Mama Fang hadi kikohozi.

"Mbona hukuniambia mapema, Mama? Siku tisa zote hizo! Anavaa saizi gani sasa hivi?"

"Ile ile. Labda amepungua kidogo."

"Nitamchukulia koti, nyumba yenye joto, na salio la mwaka mzima. Kuna punguzo mpaka kesho."

"Mchukulie na slipa. Miguu yake inalowa."

"Sawa."

"Wenqin. Hawawezi kumpa hivyo vitu halafu wakamwachia atoke jioni?"

Guizhen alisikia kidole cha binti yake kikigongagonga kioo, akitafuta. "Hicho kipengele hakipo, Mama."

"Basi mtumie," alisema Guizhen.

Jioni iliyofuata alipasha chungu saa kumi na moja. Saa kumi na mbili ikapita. Alikaa na mabakuli mawili mpaka mafuta ya nyama yakaganda, na safari hii alilia, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumficha. Asubuhi alimpigia binti yake.

"Imepokelewa, Mama. Jana saa tisa alasiri. Kila kitu."

"Amesema nini?"

"Hakuna mahali pa kusema. Inaandika tu imepokelewa."

"Hata slipa hakusema zinamtosha?"

"Mama, ingekuwa hazimtoshi zingerudishwa. Sikiliza, na wewe nimekupangia. Kila Jumatatu watakuletea mboga, tofu na mchele mpaka mlangoni. Nimeshalipa miezi sita. Huna haja ya kwenda kugombana na watu wa sokoni tena."

Guizhen alimshukuru, kwa kuwa ni mtoto mwema na hakuwa amekosea lolote.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mlango uligongwa mara mbili. Guizhen alikuwa jikoni. Alijifuta mikono kwenye aproni, akalaza nywele, akaenda kufungua. Mfuko wa mboga ulikuwa sakafuni, umefungwa vizuri, na kwenye ngazi hapakuwa na mtu.