Memori Mpya ya Ralitsa

Asubuhi ile ya Jumapili, mwezi wa tisa, mjukuu wangu Ralitsa aliilaza kompyuta yake ubavu juu ya meza ya jikoni na kuifungua. Mimi nilikuwa roshani nachoma pilipili hoho za kuweka kwa majira ya baridi. Mlango niliuacha wazi tupate kuongea.

"Bibi, ukinisikia napiga kelele usije mbio. Utanishtua niangushe kitu."

"Na nikisikia umenyamaza?"

"Hapo ndipo uje."

Alikuwa anacheka, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri, nilimsikia. Kampuni moja ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, inayotengeneza filamu za kuchora ilimpa mtihani: achore filamu yake ya dakika moja, aitume kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatatu. Wakiipenda, angefanya kazi akiwa hapa hapa mjini kwetu Gabrovo, kwenye chumba chake. Wasipoipenda, angekwenda Valencia, Hispania, alipo mama yake, kufua mashuka ya hoteli. Mama yake alikwisha mtafutia kitanda. Siku ile hatukulitaja jambo hilo, lakini tulikuwa nalo mle jikoni.

Filamu yenyewe ilikuwa ya korongo anayejenga kiota juu ya nguzo ya taa. Ralitsa alikuwa amemaliza kuichora. Kilichobaki ni kompyuta kuziunganisha picha zote na kuzitia mwanga na vivuli, na hapo ndipo ilipokuwa ikishindwa. Ikifika sekunde ya sita inaganda, halafu inajizima. Alinieleza kwamba memori yake ni ndogo na kadi yake ya picha ni ya zamani, ni kama kumpa mtu mmoja kazi ya kuhamisha nyumba nzima kwa mabega yake. Hilo nililielewa.

Memori alinunua mpya, vipande viwili vyembamba kama vitana. Kadi ya picha aliuziwa na Svilen aliyesoma naye, kwa bei ya huruma. Svilen aliileta mwenyewe kwa miguu, ameifunga ndani ya taulo la bafuni kama mtoto mchanga, maana aliogopa kuitia kwenye mkoba wa baiskeli. Taulo akatuachia.

Nikawa namtazama kupitia mlangoni. Alichomoa kadi ya zamani, akaiweka kando kwa adabu. Kadi mpya ilikuwa ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ikabidi afungue na kukitoa kishubaka kimoja cha ndani ndipo iingie. Kisha memori. Hizo alizisukuma kidogo, akasita, akasukuma tena.

"Zinataka nguvu kuliko ninavyopenda," akasema. Mara zikalia ta, ta.

Akaunganisha waya na kubonyeza. Feni zikaanza kuzunguka, taa ndogo ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Tulingoja kama dakika moja. Akaizima. Akachomoa memori, akazipuliza, akazirudisha. Akawasha. Nyeusi. Akazima. Akaweka kipande kimoja tu. Nyeusi. Akazima. Sasa alikuwa amenyamaza, basi nikaja.

Kabla sijasema neno mlango ukagongwa. Alikuwa Zapryan wa ghorofa ya chini, ambaye miaka thelathini na mbili alitengeneza televisheni za mji huu. Alibeba ndoo ya hoho zake.

"Bi Nedyalka, nimesikia harufu nikajua moto umewashwa. Nikasema ni dhambi kuwasha majiko mawili."

"Sema hutaki mita yako ya umeme izunguke."

"Ya kwako inazunguka vizuri zaidi. Mimi mtu wa Gabrovo, mji wa mabahili, unataka niuaibishe?"

Akamwona Ralitsa, akaacha mzaha. Aliweka ndoo chini na kuvaa miwani. Hakuuliza umefanya nini. Watu wengi wangeuliza hivyo. Yeye aliuliza, "Inafanya nini?"

"Inazunguka tu, babu. Haionyeshi kitu."

Akaizungukia polepole, mikono mgongoni, kama anayekagua ng'ombe sokoni. Halafu akainama nyuma.

"Huu waya wa skrini umeuchomeka wapi?"

Ralitsa akatazama. Alikuwa ameuchomeka juu, kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta, badala ya chini kwenye kadi mpya. Akajipiga paji la uso.

"Mimi ni punda."

"Punda hajui kuchora korongo," Zapryan akasema. "Hamisha."

Akahamisha, sote tukacheka, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba limekwisha. Akawasha. Feni zikazunguka. Nyeusi. Baada ya dakika moja akazima, na safari hii aliibonyeza ile swichi kwa hasira.

Zapryan akamulika ndani kwa tochi. Waya mbili za umeme wa kadi zilikuwa zimeingia sawasawa. Skrubu zote zilikuwepo, mbili akazikaza. Hakuna harufu ya kuungua.

"Nimeiunguza," Ralitsa akasema. "Ni umeme wa mwilini. Cheche moja tu usiyoiona inatosha. Na nimevaa sufu."

Sufu ile ilikuwa sweta niliyomfumia mimi. Asubuhi alipotoka chumbani na fulana nilimlazimisha aivae, maana mlango wa roshani ulikuwa wazi na hewa ya Septemba haitaniwi.  Hakunilaumu. Hata hakunitazama, ili nisidhani ananilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Uligusa chuma kabla ya kushika vitu?" Zapryan akamwuliza.

"Niligusa. Kila mara."

"Basi hujaiunguza."

"Babu, huwezi kujua."

"Siwezi," akakubali.

Ralitsa akapiga simu dukani alikonunua memori. Jumapili, hawapokei. Akampigia Svilen, ambaye alikuwa kazini kwenye mkahawa wa piza. Svilen akasema kadi ilikuwa nzima alipoileta, aliitumia hadi siku ile ile, na kwamba akimaliza zamu atakuja. Zamu ilikuwa inaisha jioni.

Ralitsa aliwasha tena, bila matumaini, kama mtu anayejaribu mfuko ule ule akitafuta funguo. Ndipo Zapryan, aliyekwisha toka na ndoo yake, akasema kutoka roshani:

"Bi Nedyalka, hoho zako zinapoa kwenye sufuria. Zikipoa ngozi haitoki. Mtazimenya kwa kisu kama viazi?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimezifunika zivuje jasho, halafu nikazisahau.

"Njooni tusaidiane," akasema. "Mimi vidole vyangu vimekufa ganzi, siwezi kazi ndogo ndogo. Ralitsa, njoo, binti. Dakika chache tu."

Vidole vile vile nilikuwa nimeviona muda mfupi uliopita vikikaza skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta bila kutetemeka.  Nikaweka sufuria katikati yetu, na Ralitsa, ambaye hajawahi kumkatalia mzee, akavua sweta, akapandisha mikono ya fulana na kuketi.

Hoho zikiwa moto ngozi inachomoka kama soksi iliyolowa. Ukikaa nazo muda mfupi tu unakuwa mwekundu hadi kwenye viwiko, na mbegu zinakuganda kila mahali. Tulimenya za kwangu, kisha Zapryan akazimimina za kwake alizokuwa amezichoma wakati huo huo.

"Za kwako zina makovu," nikamwambia.

"Zimeishi. Zako zimelelewa kama mabinti wa daktari."

Ralitsa akatabasamu kidogo. Mara akainua kichwa.

"Sijaizima."

Kutoka jikoni tulisikia feni zikizunguka bado. Akasimama.

"Unakwenda wapi na mikono hiyo?" nikamwuliza. Maji mekundu yalikuwa yanamdondoka hadi sakafuni. "Ukiigusa sasa ndipo utaiunguza kweli. Maliza, unawe."

"Inakula umeme bure, bibi."

"Huo umeme ni wa bibi yako," Zapryan akasema. "Leo hata mimi naula. Kaa."

Akakaa. Zilibaki kama hoho kumi na tano. Aliimenya moja, akaanza nyingine, akaniuliza kama mama yake huwa anaweka kitunguu saumu ndani ya chupa au la. Nilijua anachofikiria alipomtaja mama yake. Nikajibu kwamba anaweka, kingi mno.

Ndipo jikoni kukatokea mwanga wa buluu kwenye kioo cha kabati la vyombo.

Hatukusogea. Ukafuatia mlio mfupi, ule mlio ambao kompyuta yake hutoa ikiamka, ninaousikia kila asubuhi kupitia ukutani. Ralitsa alikwenda na mikono ameinyoosha mbele kama aliyefungwa plasta, asiguse kitu. Akasimama mbele ya skrini, akasoma.

"Memori yote ipo," akasema taratibu. "Yote. Na kadi imeiona."

Baadaye, alipokwisha nawa, alitafuta kwenye simu na kutueleza. Memori mpya zikiwekwa, mara ya kwanza kompyuta inazipima kipande kwa kipande, na wakati huo skrini haionyeshi kitu. Inaweza kuchukua dakika kumi, hata zaidi. Sisi tulikuwa tunaizima kila ilipoanza, nayo kila mara ikarudi mwanzo.

"Ilikuwa inajifunza," akasema, "na mimi nikawa naipiga kofi."

"Televisheni za zamani zilikuwa hivyo hivyo, mpaka taa za ndani zipate moto," Zapryan akasema. "Watu walizileta kwangu mbovu, nikaziwasha, nikanywa kahawa, zikapona. Niliwatoza kahawa tu."

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Sikujua. Niliona mtoto anatetemeka, nikataka akae."

Ralitsa akamshika mabega na kumbusu shavuni, naye akaanza kuitafuta ndoo yake iliyokuwa miguuni pake.

Saa nane mchana akaipa kompyuta ile filamu. Nilisimama nyuma yake. Sekunde ya tano, ya sita. Ya saba. Korongo akaweka kijiti chake cha kwanza juu ya nguzo, kivuli chake kikaanguka barabarani kama kivuli cha kweli.  Ralitsa alinishika kidole kimoja, kama alipokuwa mdogo tukivuka daraja.

Jumatatu saa nne na nusu aliituma.

Jibu lilikuja Alhamisi. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, namba kumi na moja, nikamwona kupitia kioo anakuja mbio bila koti. Aliingia, akasimama mbele yangu akihema, watu wote wakigeuka.

"Wamenichukua, bibi. Naanza tarehe mosi. Hapa hapa, nyumbani."

Nilitaka kumwambia avae kitu mwilini, lakini nikajikuta natafuta pa kukaa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, nisiyemjua hata jina, aliinuka kwenye kiti pekee cha lile duka, akanikalisha, akamwambia mfamasia, "Mhudumie huyu kwanza, ana sherehe nyumbani."