Aliyefungua Simu Mezani

Baba yangu ni fundi wa milango, na kwake kazi isiyoacha vumbi la mbao sakafuni si kazi. Mimi natengeneza programu za simu. Akiulizwa binti yake anafanya nini, hujibu, "Anagusagusa kioo," kisha hubadilisha mazungumzo.

Lakini kitu kimoja kilimkera kuliko kazi yangu: simu mezani. Jumatano moja kaka yangu, ambaye tunamwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka bure, alitia chumvi kwenye chai ya baba kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye simu. Baba akanywa, kisha akanigeukia mimi niliyekaa kimya bila kosa.

"Wewe mtu wa vioo," akasema. "Tengeneza kitu kitakachotaja nani kafungua simu wakati wa kula. Atakayetajwa ataosha vyombo. Ila kikimsingizia mtu, Jumatatu unaenda kusimama dukani kwa mjomba wako."

Mjomba anauza misumari. Niliwahi kumshikia duka siku moja, nikatoka najua aina kumi na nne za misumari na sina hamu kabisa ya kuijua ya kumi na tano. Sikulala usingizi wa maana hadi nilipomaliza kuandika ile programu na kuiweka kwenye simu zetu zote nne. Kila kioo cha simu kikiwaka, taarifa inakuja kwangu. Ijumaa tukala, nikaisoma ripoti kwa madaha: Mama, mara kumi na tisa.

Simu ya mama ilikuwa chumbani, kwenye chaji.

"Mimi?" mama akauliza, kijiko kikiwa hewani. "Mimi ambaye hata miwani yangu siioni?"

Kumbe washonaji wenzake walikuwa wanabishana kwenye kundi lao kuhusu kola, na kila ujumbe ulipoingia kioo kiliwaka chenyewe. Kosa la mtoto wa darasa la kwanza. Kiberiti alicheka hadi akapaliwa, na nilifurahi alipopaliwa.

"Mjomba wako anafungua saa mbili asubuhi," baba akasema.

Kesho yake nikamfuata karakanani. Kumweleza habari za programu ni kumpigia mbuzi gitaa, kwa hiyo nikaanza na milango.

"Baba, ukiona taa imewaka chumbani, ndiyo kusema mtu ameingia?"

"Nani kakwambia? Kama swichi iko nje, yeyote anaiwasha."

"Sasa utajuaje kwamba ameingia?"

"Ufunguo umezunguka kwenye kitasa."

"Basi mimi nilikuwa naangalia taa. Nilitakiwa kuangalia kitasa."

Akaiweka randa chini. "Una hadi kesho mchana," akasema.

Nikarekebisha: kioo kikiwaka tu, programu inakaa kimya; simu ikifunguliwa, inamtaja mwenyewe. Baba hamkabidhi mtu mlango kabla hajaufungua na kuufunga mara arobaini, na simu zetu nazo hazikusalimika. Alizipanga zote nne kwenye meza ya kazi, akazipigia, akazitumia ujumbe, akazifungua na kuzifunga, akihesabu kwa sauti. Programu haikukosea hata mara moja. Akaguna tu, akarudi kwenye mbao zake.

Jumapili mchana tukala. Baba alitoka mara kadhaa, mara kunawa, mara kutazama geti. Kisha nikasoma ripoti. Mama, hakuna. Kiberiti, hakuna. Mimi, hakuna. Baba, mara saba.

Baba angesema tu "Sijagusa," na yangeisha hapo, maana ni baba, na kesho yake ningekuwa napima misumari. Niliogopa kweli.

"Imekosea tena hiyo," Kiberiti akasema kwa furaha.

Baba akafuta mdomo taratibu. "Haijakosea. Kuku wangu walikuwa na njaa."

"Kuku gani?" mama akauliza. Hatujawahi kufuga hata njiwa.

Akatoa simu, akaifungua, na yangu ikalia papo hapo kutangaza mara ya nane. Ulikuwa mchezo. Kuku mia mbili na sita, wanaolishwa kwa kidole kila baada ya dakika chache, la sivyo wanatoa machozi.

"Huyu mweupe anaumwa," baba akaeleza kwa uchungu.

Kisha akampigia mjomba pale pale mezani. "Shemeji, tafuta msaidizi mwingine. Huyu wangu haji. Kitu alichotengeneza kimenikamata mimi mwenyewe, na nilikikagua kwa mikono yangu."

Machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili. Baba akakunja mikono ya shati, akakusanya sahani zote, akaenda jikoni. Baada ya muda akaniita. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko, na kwa kidevu akanionyesha simu iliyokuwa dirishani.

"Nilishie, mwanangu," akasema. "Yule mweupe mpe mara mbili."