Matundu ya Spika

Fundi simu alikuwa amejijengea mashine ya gemu sebuleni, kabati refu la plaiwudi lenye skrini na vitufe, akalipaka rangi nyekundu ya kung'aa. Kasoro ilikuwa moja tu: spika alizifungia ndani, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

"Mwanangu, anayenong'ona humo ndani ni nani?" aliuliza mama mkwe wake, mshonaji mstaafu ambaye masikio yalishaanza kumtupa mkono.

"Ni mizinga ya vita kwenye gemu, mama. Inabidi nitoboe matundu, ila naogopa kuharibu rangi."

"Mwoga wee! Nguo haishonwi bila kukatwa."

Fundi alicheka, akachora miduara miwili kwa kufuatisha kifuniko cha sufuria, akawasha msumeno wa umeme. Tundu la kwanza lilitoka safi. Kwenye la pili msumeno uliruka, ukingo ukamenyeka na rangi ikabanduka. Alishika kichwa.

Mama mkwe aliingia chumbani, akarudi na gauni jepesi la maua alilolivaa siku ya harusi ya binti yake. Kabla fundi hajamzuia, mkasi ulishapita. Wakakivuta kitambaa juu ya matundu yote mawili, wakakibana kwa pini, na ukingo mbovu ukafichika.

Walipowasha, mizinga ilitikisa vikombe mezani. Mama mkwe akavuta kiti.

"Sasa nawasikia maadui," alisema. "Kaa pembeni, mwanangu, uone kazi."

Fundi alingoja zamu yake mpaka chai ikapoa.