Mwalimu Aliyeitikia Shikamoo

Tope liliposhuka Mlima Hanang na kupita kijijini kwetu Jorodom, lilibeba karakana yetu yote, likatuachia patasi moja, nayo butu. Nilimwambia mume wangu Maximilian kwamba hata tope linajua kuchagua. Tukaanza upya Mogitu, kando ya barabara, chini ya mabati tuliyopewa na shemeji, na watu wakaturudia taratibu na vitanda vyao na milango yao.

Ndipo akaja Rogers. Huyu ni seremala wa Katesh mjini, mtu wa viatu visafi, asiyegusa mbao mpaka kwanza akuonyeshe picha kwenye simu. Kwenye picha kitanda kinang'aa, kabati linang'aa, hata sakafu inang'aa. Kitakacholetwa nyumbani kwako ni habari nyingine. Kigango chetu kilipotangaza kwamba kinataka mabenchi mapya ya kanisa, na kwamba kamati itaangalia michoro ya mafundi kabla ya kumpa mtu kazi, Rogers alisimama mlangoni kwetu bila kuingia.

"Fundi Maxi, siku hizi wanataka 3D. Mchoro uliosimama kama kitu chenyewe. Usijichoshe. Nikiipata kazi, njoo ushike randa kwangu, nitakupa kona."

Mume wangu akasema asante. Mimi nikamwambia Rogers aangalie asikanyage mavi ya ng'ombe, ingawa alikuwa ameshayakanyaga.

Alipoondoka hatukucheka sana. Mahindi yalikuwa bado machanga, wateja wadogo wadogo wamekauka, na bila mabenchi yale tungefunga. Mume wangu angekwenda kuranda mbao za Rogers, tena konani.

Mtoto wetu Urban, aliye chuoni Arusha, alituachia laptopu yake kuukuu. Nikampigia, nikamuuliza kama inaweza kuchora hiyo 3D.

"Mama, ingia tu mtandaoni. Programu ya kuchorea ni ya bure, na masomo yake, kila kitu kipo."

Kweli, kila kitu kipo. Kama mnada wa Katesh: kila kitu kipo, isipokuwa ulichokifuata.

Mwalimu wa kwanza alikuwa kijana wa nje anayeongea kama aliyefukuzwa na nyuki. Alibonyeza vitufe viwili vitatu, nyumba ikasimama na bustani yake.

"Amefanyaje?" mume wangu akauliza.

"Amefanya hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama ulivyoona, Baba Urban."

Wa pili alikuwa Mtanzania mwenzetu, tukavuta viti karibu. Akatuomba tujiunge, tubonyeze kengele, tuwaambie na marafiki. Akatangaza kozi yake ya kulipia. Akamsalimia mpwa wake kwa siku ya kuzaliwa. Akasema muda umeisha, tukutane tena. Wa tatu hakusema neno. Muziki wa disko ulipiga, mshale ukarukaruka kwenye skrini kama panzi, na mwishoni pakatokea pikipiki. Wa nne alifundisha vizuri, namsifu, ila programu yake ilikuwa ya miaka ya nyuma. Vitufe alivyovitaja, kwetu vilikuwa vimehamishwa, tukavitafuta kama kuku anayetagia vichakani. Kuna na mmoja aliyetumia somo zima kuchora keki. Mume wangu alimtazama mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akaniuliza mabenchi yanaanza lini.

Tungeweza kuuliza. Chini ya kila video pana mahali pa kuandika maswali. Tatizo ni kwamba mume wangu hawezi kumuuliza mtu jambo kabla salamu haijaitikiwa. Wote huku tumelelewa hivyo, lakini yeye amezidi. Hata bei ya misumari haulizi mpaka mwenye duka amalize kumweleza habari za wagonjwa wake.

"Andika," akaniambia. "Shikamoo mwalimu. Sisi ni mafundi wa Mogitu, Hanang. Habari za hapo nyumbani?"

Nikaandika. "Sasa niweke swali."

"Hajaitikia."

"Huyu mtu yuko Ulaya. Hata hiyo shikamoo haijui."

"Basi aulizie kwanza maana yake. Tutasubiri."

"Na ana umri wa Urban."

"Mwalimu ni mwalimu."

Nikaandika salamu ileile chini ya video moja baada ya nyingine, nikijisikia kama mtu anayebisha hodi kwenye mahame. Mtu mmoja tu alijibu, naye si mwalimu: "Mzee umepotea, hapa si msibani." Nilitaka kumjibu jibu ambalo lingemfanya azime simu, mume wangu akanizuia. Bando likaisha. Tukanunua jingine. Kamati ikakaribia, na sisi hatujachora hata msumari.

Jibu lilikuja asubuhi moja nikichambua maharage. Lilitoka chini ya video ambayo watazamaji wake hawafikii hata waumini wa misa ya Jumatano, na ambayo ndani yake jogoo anawika kila mwalimu anapofikia jambo la maana.

"Marahaba, mafundi wa Hanang. Huku Iringa wazima, baridi tu. Mvua imewafikia? Mnachora nini?"

Alikuwa Mwalimu Verdiana, mstaafu wa chuo cha ufundi. Mume wangu akaniamuru nijibu habari za mvua kwanza, kisha za ng'ombe, ndipo nieleze kwamba kila mchoro tunaojaribu unakataa kuzunguka. Walimu wote wanasema zungusha, na sisi tunasugua laptopu mpaka inapata joto.

"Mnatumia kipanya?" akauliza. "Kile chenye gurudumu katikati?"

Hatukuwa nacho. Mabingwa wote wale, na pikipiki zao na keki zao, hakuna aliyekumbuka kutuambia. Tukakinunua Katesh siku hiyohiyo, na mchoro ukazunguka kwa utiifu.

Mwalimu akatuambia tuachane na video zote zinazoanza na vitu vya ajabu. Akatutumia masomo yake mafupi, na mwongozo wa wenye programu wenyewe, wa toleo lilelile lililo kwenye laptopu yetu. "Pimeni kigoda mnachokalia," akasema, "mkichore hicho. Kikisimama, ndipo mje kwenye benchi." Kigoda cha kwanza kilitoka na mguu unaoelea hewani. Nilimuuliza mume wangu kama ni cha malaika. Cha tatu kilisimama.

Siku ya kamati Rogers alitangulia. Picha yake ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mabenchi marefu, yana rangi ya asali, mwanga unaingia dirishani. Mzee Gidahosh, mwenyekiti, akaisogeza machoni, akampitishia Bibi Judica, mama mtu mzima aliyewahi kuangushwa na benchi la zamani mbele ya waumini wote.

"Na kupiga magoti tutapigia wapi?" Bibi akauliza. "Sioni ubao wake."

"Tutauongeza, bibi."

"Haya, zungusha nione nyuma. Mguu umeshikwaje?"

Rogers akapitisha kidole. Ikaja picha yake mwenyewe arusini, ana tai. Akapitisha tena. Ikaja pikipiki.

"Hii haizunguki," akasema. "Mtandao leo uko chini."

"Picha iliyo ndani ya simu inahitaji mtandao wa nini?" nikamuuliza. Mume wangu akanifinya.

Benchi letu kwenye laptopu lilikuwa la kijivu kama tembo mgonjwa. Lakini Maximilian, alipokwisha kuwaamkia wote kila mtu kwa nafasi yake, alilizungusha mbele, nyuma, mpaka chini, akauvuta mguu ukatoka kwenye ubao wa kukalia ili waone unavyoingia. Bibi Judica akamnyang'anya kipanya. Akaurudisha mguu mwenyewe, akautoa, akaurudisha, na mwenyekiti akalazimika kumkumbusha kwamba kuna ajenda nyingine.

"Tengeneza moja kwanza," Mzee Gidahosh akasema. "Bibi alikalie. Likitulia, yote ni yako."

Rogers akaaga, ana safari. Sisi tulifungua karakana Jumatatu saa ileile ya kila siku. Mbao za kwanza zilikuja mbichi, zimepinda kama mkia wa mbwa, na juu ya hilo laptopu haikuwa na la kusema. Mume wangu akavua koti, akachukua randa.