Kilomita Zilizobaki

Mdogo wangu Stanley ana kichwa kigumu, na ninalisema hili nikimpenda. Ukimwambia sufuria ina moto, ataishika kwanza ndipo akubali. Kwa hiyo asubuhi ile alipopiga honi nje kwangu Mjimwema, Njombe, nikatoka na kikapu na blanketi la mama, sikuanza na salamu. Nilimuuliza kama ameweka mafuta.

Alinionyesha dashibodi. Gari lilikuwa jipya kwake, maana yake Mjapani alikuwa ameshalichoka, na kwenye kioo kidogo palikuwa na maandishi ya kwao na namba 71. Akanieleza kwa sauti ya mwalimu kwamba gari lenyewe linahesabu kilomita zilizobaki kabla mafuta hayajaisha. Kutoka hapa mpaka Makambako ni sitini hivi, kwa hiyo tutafika na chenji. Nikamwambia mbona taa ya njano ya mafuta inawaka. Akasema taa ile kazi yake ni kutisha watu, namba ndiyo imepiga hesabu.

Ningemgombeza zaidi, lakini tulikuwa na haraka. Mama yetu, Asteria, alikuwa amelazwa Makambako wiki ya pili kwa ugonjwa wa mapafu, na jioni iliyopita alimwomba nesi anipigie simu kwamba aletwe Stanley. Mimi nilikuwa nashinda pale kitandani kwake siku nenda siku rudi, wala hakunitaka mimi. Alimtaka Stanley, na sote wawili tulijua kwa nini.

Miaka minne nyuma baba alipofariki, Stanley alikuwa Ludewa, huko ziwani, na biashara yake ya samaki. Tulimsubiri siku mbili. Akaja siku ya tatu, msalaba umeshasimamishwa kaburini. Mama aliinuka mbele ya watu wote akamwambia, "Umemchelewa baba yako. Na mimi utanikuta nimeshafukiwa."

Kwetu neno la mzazi la namna hiyo halipiti kama hasira nyingine. Linakaa juu ya mtu. Mchungaji atakuombea, sawa, lakini wa kuliondoa ni yule yule aliyelisema, na analiondoa kwa maji. Anachukua funda, anamtemea mtoto kwenye paji la uso, na neno limefutika. Akifa kabla ya kutema, unabaki nalo. Tangu siku ile Stanley akawa mtu wa kuchelewa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa akafa yeye akiwa bado njiani kwenda hospitali. Alikonda, akaacha kucheka, na mama naye kwa kiburi chake akanyamaza miaka minne. Sasa alikuwa tayari, kilichotakiwa ni sisi kufika.

Tukaondoka na ile taa ikiwaka.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Njombe mwezi wa Julai haina mswalie. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Tulipoipita Kibena ukungu ulishuka mpaka miti ya miwati kando ya barabara ikapotea, tukabaki na kipande cha lami mbele ya boneti. Stanley alikuwa na ujanja wa madereva. Kila tukipata mteremko anaweka nyutro, anaondoa mguu, gari linajiendea. Na kila akifanya hivyo namba inapanda. Ikaja 76, ikaja 83. Alifurahi, akaniambia nione, gari linazaa mafuta.

Mimi sikupenda. Nimepika maisha yangu yote na sijaona chungu cha maharage kinacholiwa huku kikiongezeka. Baadaye fundi mmoja, Fidelis, alinifafanulia kwamba kile kidude kinahesabu kwa kuangalia gari limetumia mafuta kiasi gani muda mfupi uliopita. Ukishuka mlima bila kukanyaga mafuta, chenyewe kinadhani utashuka mlima mpaka mwisho wa dunia. Nikamshukuru. Lakini maelezo ya Fidelis yanaishia pale injini ilipozima, na mimi nilikuwepo ilipozima, na nikaendelea kuwepo.

Ilizima namba ikisoma 91. Tulikuwa kwenye mteremko, kwa hiyo hatukusimama, ila ule mngurumo ulikatika na nikasikia matairi kwenye lami yenye maji. Stanley akazungusha funguo, wapi. Usukani ukawa mzito. Akasema tutasimama chini darajani, yeye atachukua kidumu aombe lifti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumtukana kimoyomoyo, matusi ya Kibena ambayo siyaandiki.

Gari likafika darajani, likavuka. Nikasubiri lichoke. Mbele palikuwa na mwinuko, na likaanza kuupanda. Lilipanda kwa mwendo wa baiskeli, injini imekufa kabisa, gia ipo nyutro. Stanley aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake, halafu akairudisha.

Na ile namba ikaanza kushuka. Ilisoma 88, kisha 85. Tukiwa mlimani ilidondoka mbilimbili, tatutatu, na tulipofika kileleni ikatulia kidogo.

Hapo ndipo niliposikia pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, ya mtu aliyebeba mzigo, inaingia kwa kukwaruza na kutoka kwa kishindo. Nilidhani ni Stanley. Nikamgeukia, nikakuta naye amenigeukia mimi, tumefunga midomo wote wawili. Ilikuwa inatoka nje, mbele yetu, ndani ya ukungu, hatua chache tu kutoka kwenye boneti.

Stanley akakanyaga breki. Bila injini ilikuwa ngumu, akaisimamia kwa mguu wote, gari likasita. Ile pumzi ikageuka mguno wa maumivu, na namba ikaanguka kutoka 74 mpaka 66 mbele ya macho yetu. Nikampiga begani nikamwambia aachie. Akaachia, gari likaendelea, na hakuigusa breki tena.

Tulimpita mama mmoja amebeba kuni kichwani. Alisogea kando kutupisha, lakini hakututazama sisi. Alikuwa anatazama mbele ya gari, chini kidogo, usawa wa mtu aliyeinama. Akakunja goti kwa heshima na nikamsikia vizuri kupitia dirishani. "Kamwene, mama. Pole na mzigo." Kisha ukungu ukamfunika.

Stanley akaanza kulia. Pumzi ile nilikuwa naijua. Nimelala ubavuni pake utoto wangu wote. Baba alipokuwa anapasua mbao msituni, aliyezitoa bondeni alikuwa mama. Magogo aliyavuta kwa kamba iliyopita begani, na mbao alizipandisha kichwani, na usiku alihema hivyo hivyo usingizini, kama bado yuko kilimani.

Ilisoma 50. Ilisoma 41. Na hapa ndipo pananinyima usingizi, kwa hiyo nitaeleza kama palivyokuwa. Nilishaelewa. Sikuhitaji fundi wala Mjapani wa kuniambia namba ile ilikuwa inahesabu nini. Breki ya mkono ilikuwa pale katikati yetu, karibu na goti langu. Ningeivuta, tungeshuka, tungesubiri lori lolote. Lakini tungesubiri mpaka saa ngapi kwenye ukungu ule, na kama tungechelewa neno lingetimia, na mdogo wangu angebaki nalo. Na mama mwenyewe, aliyelisema neno lile, ndiye aliyekuwa anapambana nalo. Nikaweka mikono yangu mapajani. Kila mwinuko ulipokuja nilihesabu, na nikakaa.

Ukungu uliondoka tulipofika Lyamkena, jua likawaka, na mbele ya gari hapakuwa na mtu. Pumzi niliendelea kuisikia, sasa imekuwa fupi. Tuliingia Makambako kati ya malori, yakatupisha, tukakata kona, na gari likaenda lenyewe mpaka kwenye geti la hospitali, likasimama. Ilisoma 2. Sikurudi tena kuangalia.

Tulikimbia. Nesi Vestina, binti mpole anayemhudumia mama, alitupokea mlangoni mwa wodi akiwa amechanganyikiwa. Alisema mama alilala vizuri, asubuhi alikunywa uji wote, na daktari alikuwa anafikiria kumruhusu Ijumaa. Kisha kwenye saa nne hivi alianza kutoka jasho. Alishika chuma cha kitanda akawa anakivuta, anakivuta, walipomshika akawasukuma. Walimwekea oksijeni akaivua. Alikuwa anasema wako kilimani, niacheni. Katikati alipiga ukelele mmoja mkubwa, kama aliyezuiwa ghafla. Stanley aliposikia hilo alishika ukuta.

Mama alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha jana. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka mstari mzima, na begani, chini ya gauni la hospitali, palikuwa na alama nyekundu pana kama mkanda. Nilimfunika na blanketi lake ili Stanley asione, lakini alikuwa ameshaona.

Alifungua macho. Alimtafuta mwanawe mpaka akampata.

"Gari lako zito, Stanley," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na aliyasema bila hasira, kama anavyosema mtu aliyeshusha kazi. Kisha akanionyesha kikombe kwa macho. Nikamimina maji, nusu yakaenda kwenye shuka. Stanley alipiga magoti sakafuni, akavua kofia, akaleta uso wake karibu. Nikamwinua mama kichwa na kumwekea kikombe mdomoni. Akachukua funda.

Tukasubiri.

Mashavu yake yalikuwa yamejaa maji. Macho yake yalikuwa kwenye paji la uso la mdogo wangu, anapalenga. Kifua kikapanda kidogo, kikashuka. Kikapanda tena, nusu ya pale. Kutema maji kunahitaji pumzi, siyo nyingi, hata mtoto anaweza, na mama alikuwa anaitafuta pumzi hiyo mwili mzima haipo. Nilimwona anavyoitafuta. Sijawahi kuona mtu akitaka kitu namna ile.

Maji yakaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka kidevuni. Stanley aliyaona. Alisogea, akaweka paji lake chini ya kidevu cha mama, na matone yakamwangukia pale, moja, kisha jingine, mpaka yakaisha. Alibaki hivyo mpaka Vestina alipomshika mabega kumwinua. Mama alikuwa ameshaondoka.

Tulimzika Jumamosi. Stanley alifika makaburini kabla ya watu wote, kukiwa bado na giza, na chepe mkononi, na hakutaka kupokewa mpaka kaburi lilipokamilika. Baba yetu mdogo Nahumu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alinivuta kando. Kuhusu gari hakuuliza, wala kuhusu ugonjwa. Aliuliza jambo moja tu, kama marehemu alimtemea maji, maana ukoo unapaswa kujua kama kijana yuko huru.

Nilimwangalia Stanley anavyosawazisha udongo kwa mikono, taratibu, kama anatandika kitanda.

"Alimtemea, baba," nikamwambia.

Akashukuru, akaenda kuwaambia wenzake. Sikumweleza kwamba pumzi ya kutemea ilikuwa imeishia barabarani, na kwamba niliisikia ikiisha, mlima kwa mlima, na breki ilikuwa karibu na goti langu.