Ubao wa Juu ya Kitanda

Boti ya doria aliyozama nayo baba yangu vitani, nikiwa bado nanyonya, ilitolewa majini baada ya miaka arobaini. Mimi, fundi wa karakana ya makumbusho, ndiye niliyekabidhiwa. Kazi yenyewe ni kumwagilia mbao maji mchana na usiku, miezi na miezi, mpaka dawa ya kuzihifadhi iliyomo majini iingie. Mbao zilizozoea maji zikikauka ghafla zinapasuka. Kwa jambo hilo nimewafokea vibarua mpaka wakanibandika jina la Bwana Bomba.

Shangazi alikuwa na ombi moja. Katika barua ya mwisho, baba alimwandikia kwamba ameyachora majina yetu, lake na langu, kwa rangi nyeupe, kwenye ubao wa juu ya kitanda chake. Ubao tuliupata, umefunikwa na tope gumu. Shangazi akanisihi nisiuguse. Atakuja auoshe kwa mkono wake. Tangu hapo akawa ananipigia simu kila jioni kuujulia hali ubao, mimi hata haniulizi.

Alikuwa aje Jumamosi. Anatembelea mkongojo, na sakafu ya boti inateleza kama sabuni. Basi Alhamisi, mimi mjuaji, nikafunga maji. Siku mbili tu, zitadhuru nini? Jumamosi asubuhi nikakuta tope limebanduka lenyewe, limejaa kitandani. Nikafagia, nikatupa. Hata nilijisifu.

Shangazi alipiga magoti, akalowesha sponji, akasugua ubao polepole. Akasugua tena. Hapakuwa na kitu ila ubao mtupu wenye nyufa mpya. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifagia.

"Hakuandika," alisema. "Kaka tangu utotoni alikuwa hodari wa kunidanganya ili nisilie."

Nilipaswa kusema. Badala yake nikamshika mkono kumteremsha ngazi, naye akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Alipoondoka nilimwaga pipa la taka sakafuni. Tope lilikuwa vipande vipande, na kwa upande wa ndani rangi nyeupe ilikuwa imeng'ang'ania, hapa mstari, pale nukta. Nimejaribu kuviunganisha kwa wiki tatu, havisomeki.

Siku hizi jioni simu yangu hailii. Baba yangu anaitwa mwongo, na namba ya shangazi ninayo.